Mizunguko Tisini

Binti yangu alisimama juu ya kreti ya soda, filimbi shingoni, akatutangazia kwamba leo ni marufuku kufikiri.

"Nisikilizeni vizuri," alisema, maana watu walikwisha kuanza kucheka. "Ukiwekwa kwenye kona, kazi yako ni moja. Unasimama, unanyoosha mkono kule nilikokuonyesha, na huondoki hata ukiona nyoka. Wenzako watapita mmoja mmoja. Mwisho kabisa atakuja Mkia. Mkia akifika, umemaliza, unaingia mbele yake mnaendelea. Usihame, usibishane, usifikiri. Mimi siwezi kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Watu wa kona ndio macho yangu ya nyuma."

Tulikuwa wasafiri kumi na wanne katika ua wa karakana ya baiskeli, saa moja asubuhi, kila mmoja na chupa yake ya maji na kofia ngumu iliyomfanya afanane na uyoga. Safari ilikuwa ya siku nne, na siku hiyo ya kwanza tulitakiwa kukata kilomita arobaini na nane. Mimi nilikuwa mzee kuliko wote, na baiskeli yangu ilikuwa na umri mkubwa kuliko nusu ya wenzangu. Ni ile ile nyeusi yenye keria pana ya chuma, niliyosambazia barua miaka ishirini na saba. Siku ya kustaafu posta waliniandalia saa ya ukutani. Nikawaambia saa ninayo, nipeni baiskeli yangu niende nayo nyumbani.

Huyo Mkia ndiye mwenye kampuni. Ni pande la mtu, mkimbizaji baiskeli wa zamani, maneno yake ya kupima kwa kijiko. Huendesha nyuma ya kila mtu na haruhusu kiumbe kubaki nyuma yake. Mfukoni alikuwa na kijidaftari kilichofungwa kwa mpira, na wote kwenye karakana walijua siku hiyo kijidaftari kilikuwa cha nani. Binti yangu alikuwa amekuwa msaidizi kwa miaka miwili. Sasa alikuwa anaongoza peke yake kwa mara ya kwanza. Siku hiyo ikienda sawa, misafara ya njia hii ingekuwa yake. Ikienda kombo, angerudi karakanani kuziba pancha.

Nami nilikuwa nimekula kiapo. "Baba, kuja utakuja," aliniambia wiki moja kabla, "lakini uje kama msafiri. Usije kama baba." Nikamwambia sawa, mama, wala hutanisikia. Wallahi nilikusudia hivyo.

Binti yangu huyu, watu wa posta walimwita Stempu. Mama yake alikuwa akifanya kazi kwa zamu kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, kwa hiyo shule zikifungwa nilikuwa namchukua mtoto kazini, namkalisha kwenye keria, na yeye ananing'ang'ania mgongoni asibanduke. Nilimpa kazi. Alishika mafungu ya barua za mtaa, anasoma namba ya nyumba, halafu ananigonga mgongoni mara mbili: upande wa kulia kama geti liko kulia, upande wa kushoto kama liko kushoto. Tatizo ni kwamba kulia na kushoto vilimchanganya mpaka darasa la nne. Alikuwa anagonga kushoto na geti liko kulia, na mimi, bila kusema neno, nageuza usukani kulia. Yeye nyuma anashangilia kwa kuongoza vizuri. Hila hiyo nilijivunia miaka yote, na sikumwambia mtu isipokuwa mama yake.

Tukatoka. Nikajiona kijana kwa dakika kumi hivi, halafu magoti yakanikumbusha. Lakini kilichonisumbua zaidi hakikuwa magoti. Njia ya mwanzo ilikuwa njia yangu, na miguu yangu haijui kwamba nilistaafu. Kila nilipofika kwenye geti, ilipunguza mwendo yenyewe. Kwenye geti la nne, Karani, kijana wa benki aliyekuwa nyuma yangu, alinigonga tairi nusura tuanguke wote.

"Mzee, mbona unasimamasimama?"

"Kuna barua," nikamjibu, kabla sijajua ninasema nini.

Walicheka mpaka Bi Harusi akayumba. Yeye na mumewe walikuwa na siku tano tu za ndoa, walikuja na fulana za rangi moja, na ndio walionipa jina: Mzee wa Barua. Sikuchukia. Niliwaonyesha nyumba ya fundi saa aliyekuwa akinisubiri uchochoroni ili mkewe asijue anaandikiwa na nani. Niliwaonyesha kibaraza ambako bibi mmoja alinisomesha barua ya mwanawe mara tatu, kila mara akilia palepale. Siku hizi mageti ni ya chuma tupu kutoka chini mpaka juu, hayana hata tundu la kupitishia bahasha. Nilitamani hata mbwa waliokuwa wakinifukuza.

Lakini ngoja niseme ukweli wangu. Sikuja kwa ajili ya nyumba hizo. Nilikuja kwa ajili ya geti moja, la bluu, namba arobaini na moja.

Siku ya kwanza kufika kwenye geti hilo nilikuwa na miezi miwili kazini. Nikapiga kengele mara mbili, akatoka msichana mwenye povu la sabuni mpaka viwikoni. Nikamnyooshea barua ya baba yake. Akaitazama mikono yake, akanitazama mimi, akasogeza uso, akaipokea ile barua kwa meno. Kisha akageuka akaingia ndani. Nilibaki pale na baiskeli yangu kama niliyepigwa na shoti. Kwa mwaka mzima uliofuata nyumba ile haikukosa barua. Zilipokosekana za kweli niliwapelekea matangazo ya mnada wa ng'ombe, na watu wale hawakuwa na hata kuku. Ndiye aliyekuja kuwa mke wangu, na ndiye mama yake Stempu. Alikufa miaka sita iliyopita. Wazazi wake walikwisha kutangulia, nyumba ikauzwa, na mimi sikurudi tena huko. Nilitaka tu kupita pale mara moja kwa baiskeli ile ile, nipige kengele mara mbili, niende zangu. Kila nilipomuuliza Stempu kama tutapita njia ya zamani, alinijibu, "Utaona siku hiyo, baba."

Saa tano kasoro tulifika njia panda. Palikuwa na sanduku la posta la chuma, limepauka, mdomo wake umezibwa kwa saruji. Nililijua lile sanduku kama ninavyoijua pua yangu. Kushoto ni njia ya zamani, ya vumbi, inayopita kwenye mikaratusi, kisha kalvati la maji, kisha namba arobaini na moja, kisha daraja. Kulia ni lami mpya inayopanda mlima, haina mti wa kuazima kivuli. Zote mbili zinakutana mbele, kwenye mashine ya kusaga.

Stempu aligeuza kichwa. "Baba... Mzee, samahani. Kona ni yako. Kulia."

Hakunitazama machoni. Alikata kulia, akaanza kupanda, na wanane waliokuwa wamemfuata kwa karibu wakampita mzee wao wakipiga kengele. Mimi nikabaki na mkono wangu hewani na jina langu jipya la mzee.

Niliumia, sitaficha. Na nilipoumia, nikafanya kile kile nilichokatazwa: nikafikiri. Nilifikiri kwamba mtoto amekosea. Ana presha, ana kijidaftari nyuma yake, amechanganya kulia na kushoto kama zamani. Anapandisha watu mlima kwenye jua kali na kivuli kipo, na ni karibu zaidi kwa kilomita tatu. Nikawaona wale watano wa nyuma wakija: Karani anahema, mama wa zahanati tuliyemwita Muuguzi uso umemwiva, wale maharusi wanasukumana, na mwalimu mstaafu wa hesabu akihesabu pumzi zake kwa sauti. Nikasema moyoni, hawa nitawapitisha kivulini. Watafika kwenye mashine kabla yake, wamepoa, wanacheka, na Mkia ataandika mazuri. Nitamrekebisha kimya kimya, kama siku zote, na yeye hatajua.

"Kushoto!" nikawaambia. "Kushoto, kuna kivuli!"

"Mungu akubariki, Mzee wa Barua," alisema Muuguzi, na wote wakapotelea huko.

Mkia alifika baada ya dakika tatu. Aliutazama mlima, akaona mgongo wa mtu wa nane ukiishia kileleni, na nyuma yake lami tupu.

"Wamepita wote?"

"Wote."

"Wako wapi?"

Nikaonyesha kushoto. Mkia akatoa karatasi ya njia, akaisoma, akaikunja. "Kiongozi alisema kushoto?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Jibu lilikuwa neno moja tu. Badala yake nikainamia kengele yangu, nikaanza kuikaza parafujo ambayo haikuwa imelegea. Mkia alinisubiri kidogo. Kisha akatoa kijidaftari, akaandika mstari mmoja, akakifunga na mpira wake, na mlio wa ule mpira niliusikia mpaka tumboni.

Tuliwafuata. Mita mia mbili za kwanza nilikuwa bado najipa moyo, mpaka nilipoona kwamba hakuna mikaratusi. Visiki tu, pande zote mbili, na jua linapiga moja kwa moja. Kisha nikaliona kalvati, liko vile vile na ufa wake, na miguu yangu ikaanza kuhesabu bila kuniuliza. Kutoka kalvati hadi geti la bluu ni mizunguko tisini ya pedali. Nilimfundisha Stempu kuhesabu hivyo, maana asubuhi za ukungu hata namba ya nyumba huioni. Ishirini. Arobaini. Vumbi jeupe likazidi, nikasikia mngurumo wa mitambo. Sitini. Sitini na mbili, na hapo kulikuwa na uzio wa waya, na watu wangu watano wamesimama mbele yake.

Nyuma ya waya palikuwa na shimo. Shimo la kuchimba kokoto, refu kwenda chini kiasi kwamba malori yaliyokuwa kule yalionekana madogo kama viatu. Daraja halikuwepo, nyumba hazikuwepo, hata kile kilima cha nyuma walikuwa wamekila nusu. Mizunguko yangu ishirini na minane iliyobaki ilikuwa hewani, juu ya shimo. Niliitazama ile sehemu ya hewa ambako mke wangu alipokea barua kwa meno. Nikashikilia waya kwa mikono yote miwili, nikalia mbele za watu, na sikujali.

Wenzangu hawakuwa na raha pia. Bi Harusi alikuwa amepata pancha ya kokoto, Muuguzi amekaa chini akijipepea kwa kofia, na Karani alikuwa anauliza hewa nani aliyesema kuna kivuli.

Stempu alitufikia baada ya robo saa. Alikuwa amehesabu watu wake kule juu, akakuta pengo, akawaacha wale wanane chini ya paa la mashine ya kusaga, akarudi peke yake mlima wote. Alikuja kasi, na alipotuona akahesabu kwa kidole: watano, Mkia, mimi. Kisha akanitazama mimi pale kwenye waya, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Kiongozi," Mkia alisema, "watu watano wamepotea siku ya kwanza."

"Ndiyo. Ni kosa langu," alijibu. "Nilimweka mtu kwenye kona nikaondoka bila kuhakikisha amenielewa."

Alilisema papo hapo, bila kunitazama, na ningenyamaza tu lingeishia hapo. Nikaachia waya.

"Nilimwelewa," nikasema. "Alisema kulia. Nilimsikia vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyewageuza hawa watu, na bwana mkubwa aliponiuliza nikakaza parafujo. Andika hivyo."

Mkia alinikazia macho. "Mbona hukusema kule kule?"

"Niliona haya."

Alivuta pumzi, akajikuna kidevu. Hakutoa kijidaftari. "Kwenye misafara yangu," alisema hatimaye, "aliyevunja kona hawekwi kona tena. Lakini msafara una kiongozi wake." Akaenda kumpa Muuguzi maji.

Stempu aliigeuza baiskeli ya Bi Harusi miguu juu, akatoa tairi, akaanza kutafuta tundu. Nilichuchumaa karibu naye nikamshikia pampu, kazi ambayo haikuhitaji akili. Alizungumza huku macho yake yako kwenye mpira.

"Nilikuja huku mwezi uliopita, kupima njia. Nilikuwa nimeipanga ipite hapa, baba. Kwa ajili yako. Nikahesabu kutoka kalvati."

"Sitini na mbili," nikasema.

"Sitini na mbili." Akapaka gundi, akaipuliza. "Nililia kama mtoto. Nikarudi nyumbani nikachora njia upya, ya mlimani. Nikasema, baba abaki na geti lake."

Kule chini lori lilimwaga kokoto, vumbi likapanda mpaka tulipokuwa.

"Nilidhani umekosea," nikasema vumbi lilipotua. "Kulia na kushoto. Kama zamani."

Akacheka, ingawa macho yake yalikuwa mekundu. "Baba, kulia na kushoto nimevijua tangu darasa la tatu. Mama alinifundisha kwa mkono wa kijiko. Na akaniambia kwamba wewe huwa unageuza mwenyewe, nigonge popote tu."

"Darasa la tatu? Umegonga vibaya mpaka la nne!"

"Ulikuwa unafurahi sana," alisema. "Nikaona nikuache."

Alibandika kiraka, akakikandamiza kwa gumba, akahesabu mpaka thelathini kama nilivyomfundisha. Nilikaa pale na pampu yangu mkononi, mtu mzima mwenye mvi, nikijifunza kwamba miaka yote ile aliyekuwa akibebwa hakuwa yeye peke yake.

Tulipanda mlima wote, Muuguzi akitembea na kusukuma baiskeli yake na mimi nikisukuma yangu pamoja naye, na hakuna aliyenitania. Kwenye mashine ya kusaga wale wanane walikuwa wamekwisha kulala usingizi. Baada ya hapo kila njia panda Stempu alimweka mtu mwingine: Karani, Bwana Harusi, mwalimu wa hesabu. Nilikubali. Niliendesha katikati ya kundi, na miguu ilipotaka kusimama kwenye mageti niliikatalia. Nilijua kijidaftari kitafunguliwa jioni, na nilijua kilichoandikwa ndani yake ni mstari wangu.

Saa kumi na moja, zikiwa zimebaki kilomita mbili kufika tutakakolala, tulikaribia njia panda ya mwisho. Kushoto nilikufahamu: kunakwenda kwenye ghala la zamani la posta, tulikokuwa tukipelekwa msimu wa sikukuu kupanga magunia ya barua na kunywa chai ya alfajiri. Kulia kulikuwa na njia iliyochongwa juzi juzi kati ya mashamba, sijawahi kuikanyaga. Aliyekuwa wa kwanza nyuma ya kiongozi alikuwa Karani, na zamu ya kona ilikuwa yake. Nikamwona Stempu akipunguza mwendo, akamwachia Karani apite, akawaachia maharusi wapite. Akarudi nyuma mpaka akawa sambamba na baiskeli yangu, kisha nyuma yangu kidogo.

Nikamsikia Mkia akikohoa, mbali kule mwishoni.

Hakuniita baba wala mzee. Nilihisi kiganja chake mgongoni, upande wa kulia. Mara mbili. Kisha akanipita, akasimama kwenye pedali, akapiga filimbi na kundi likamfuata kulia.

Nilishuka, nikaegemeza baiskeli, nikanyoosha mkono. Wakapita mmoja mmoja. "Kulia, Mzee wa Barua?" aliuliza Muuguzi, akinichunguza kwa jicho moja. "Kulia," nikamwambia. Mwalimu wa hesabu alipita, vumbi lao likatua, nikabaki peke yangu. Nyuma ya bega langu la kushoto lilikuwepo ghala, labda, au halikuwepo. Sikugeuza kichwa.

Mkia alifika taratibu, jua likiwa mgongoni mwake. Alisimamisha baiskeli mbele yangu, akautazama mkono wangu, akautazama mwisho wake ulikoelekea, na hakuuliza kitu. Mfuko wa kijidaftari ulikuwa umefungwa kifungo.

"Shusha mkono, mzee," alisema. "Tumekwisha pita wote."

Nilikuwa sijui kwamba bado nimeunyoosha.